Kalamu zinazolalamika, nyumba inayongoja

Vitabu viwili vya picha kutoka Marekani, njia mbili za kukipa kitu moyo. Katika The Day the Crayons Quit cha Drew Daywalt (2013), kwa michoro ya Oliver Jeffers, kalamu za rangi zinamwandikia mtoto Duncan barua. Nyekundu imechoka, hata sikukuu haipumziki. Njano na ya chungwa hazisemeshani, kila moja yadai ndiyo rangi ya jua. Nyingine imebanduliwa karatasi yake, inaona haya kutoka kwenye boksi! Kila barua ina sauti yake, kwa hiyo mzazi asiyejua kuigiza atapata tabu kidogo.

The Little House cha Virginia Lee Burton (1942) kinakwenda taratibu. Madirisha ni macho, na nyumba haina wa kumlalamikia. Ukurasa baada ya ukurasa mji unaizingira, maghorofa yanaibana huku na huku, nayo ipo palepale, ikiikumbuka mitufaha.

Darasani ningechukua kalamu, maana watoto watacheka. Usiku, mtoto mmoja mapajani, nachukua nyumba, hasa kama familia imehama karibuni.