Bima ya moto Moshi: nyumba ya tofali bei chee, ya mbao jipange

Ukitaka kukatia nyumba bima huku Moshi, usidhani bei inafuata ukubwa wa nyumba. Nilikata mbili kwa kampuni moja, kupitia wakala yuleyule, na hesabu zilizotoka zilinifanya nirudie kikokotoo.

Ya kwanza ni ninayoishi, Rau, tofali za saruji na bati. Gharama ya kuijenga upya tuliikadiria milioni 90. Nikapewa kiwango cha asilimia 0.15, yaani shilingi 135,000, na ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 159,300 kwa mwaka. Ya pili ni ya mama mkwe, Kibosho, nyumba ya mbao ya zamani katikati ya kihamba, lile shamba la migomba la ukoo. Hiyo tuliiandikisha milioni 20 tu, kiwango kikapanda hadi asilimia 0.5. Pamoja na VAT, 118,000. Nyumba ambayo thamani yake haifiki robo ya ile ya Rau inalipiwa karibu robo tatu ya bei yake!

Mkaguzi aliyetumwa na kampuni nampa alama zote. Hakukaa kwenye gari na kujaza fomu. Kibosho alizunguka nyumba nzima: jiko la kuni limeegemea ukuta wa mbao, juu yake dari lenye kuni na mahindi, nyuma banda la ng'ombe limetandikwa majani makavu ya migomba. Nyaya za umeme zilikuwa za siku nyingi, zimeungwa kwa selotepu. Kisha akaangalia njia, maana gari la zimamoto likipanda kutoka mjini haliwezi kupenya pale kihambani. Akaniambia, "Kaka, kule Rau ukiungua nitalipa chumba. Hapa nitalipa nyumba."

Mama mkwe alikuwa anasikiliza. "Mwanangu, nyumba hii imekaa tangu sijaolewa na haijaungua. Mbona mnanitoza kama imeshaungua?" Jamaa akacheka, akaendelea kupiga picha.

Mimi nilidhani watatupandishia kwa ajili ya moto wa Mlima Kilimanjaro. Ule wa Oktoba 2020 nani aliyekuwa Moshi asiukumbuke. Mkaguzi hakuuliza hata swali moja kuhusu msitu. Shemeji yangu aliyeko California anasema kwao ni kinyume kabisa: moto unakuja kutoka vichakani na upepo, kwa hiyo kampuni inatazama eneo zima kabla haijatazama nyumba yako. State Farm, kampuni kubwa kabisa ya bima za nyumba huko, ilisitisha kupokea maombi mapya ya nyumba jimboni humo Mei 2023. Waliokosa pa kwenda wanaishia FAIR Plan, mpango wa kimbilio la mwisho, ambao kinga yake ni finyu. Halafu Januari 2025 ikaja mioto ya Palisades na Eaton pale Los Angeles. Huko unaweza kufagia uwanja wako kila siku na bado ukaponzwa na kichaka cha jirani.

Kwetu moto mwingi unaanzia jikoni na kwenye nyaya, ndiyo maana bei inashushika. Kibosho tulijenga jiko la tofali mbali kidogo na nyumba, fundi umeme mwenye leseni akabadilisha nyaya zote, tukanunua mtungi wa kuzimia moto. Wakati wa kuhuisha bima, mkaguzi akarudi na kiwango kikashuka hadi 0.35. Sasa ni 82,600. Nisikudanganye, akiba ya 35,400 kwa mwaka hairudishi hela ya tofali leo wala kesho. Lakini mama analala usingizi, na ng'ombe pia nadhani.

Wakala ndiye aliyenichosha. Rau alitaka niandikishe milioni 140 kwa kuhesabu na kiwanja. Kiwanja hakiungui! Ukizidisha thamani unalipia hewa, kwa sababu hulipwi zaidi ya hasara yenyewe. Ukipunguza nayo inakula kwako: nyumba ya milioni 90 ukiiandikisha 45, hasara ya milioni 10 inalipwa 5. Hilo halikutoka kinywani mwake, nililikuta kwenye hati ya bima, iliyoandikwa Kiingereza kitupu kurasa kwa kurasa. Mtu kama mama mkwe anawekaje sahihi pale?

Na alituapia kwamba "kila kitu kinalipwa". Siku moja umeme ulirudi kwa kishindo, friji ikashika moto, ikaunguza mapazia na kipande cha dari la jipsamu. Bahati mtungi ulikuwa karibu. Nikapeleka ripoti ya zimamoto, picha na makadirio ya fundi. Dari na mapazia wakalipa, wakikata ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye nyumba anaibeba mwenyewe. Friji hawakulipa: hati inasema kifaa kilichoungua kwa hitilafu ya umeme iliyoanzia ndani yake hakimo. Fidia ilichukua zaidi ya mwezi, ila ilikuja bila kuombwa kitu kidogo.

Kampuni naipa nyota nne. Bima zote mbili nimezihuisha, wakala nimebadilisha.