Santuri ipi ununue: matoleo yenye sauti bora, kuanzia la kwanza hadi la kukwepa

Albamu moja maarufu huwa imefyatuliwa mara nyingi, katika viwanda na nchi tofauti, na matoleo hayo hayalingani kwa sauti. Kwa wengi wetu hapa Dodoma tofauti hiyo inagusa mfuko moja kwa moja. Sahani tunaziagiza, nauli na kodi vinaweza kufikia bei ya sahani yenyewe, na ikishafika si rahisi kuirudisha. Uchaguzi unafanyika kabla ya kulipa. Mimi naangalia mambo mawili kwanza: nani aliikata sahani, na aliikata kutoka kanda gani. Uzito, rangi na stika za kwenye jalada vinafuata baadaye sana.

Sababu iko kwenye namna santuri inavyotengenezwa. Fundi hupiga kanda, na sindano ikachora mfereji wa sauti juu ya sahani ya laka. Laka hiyo hupakwa chuma, ndipo hupatikana umbo wanaloliita baba. Baba humtoa mama, na mama hutoa stempa zinazokandamiza plastiki ya moto. Stempa huchoka. Ikishapiga sahani kama elfu moja, zinazofuata huanza kupoteza ukali wa sauti za juu. Kiwanda kizuri hakiwezi kuokoa kazi ya fundi mbaya, lakini kiwanda kibaya kinaweza kuharibu kazi ya fundi mzuri.

Nafasi ya kwanza nawapa wale wanaotoa upya rekodi za zamani na kuandika wazi jina la fundi, kanda iliyotumika na kiwanda. Mfano mzuri ni mfululizo wa Tone Poet wa Blue Note, kampuni ya kutoa rekodi za jazi, ulioanza 2019: Kevin Gray hukata kutoka kanda za awali, na sahani hufyatuliwa RTI, huko California. Viwanda vingine vya kuaminika ni Pallas cha Ujerumani na QRP cha Salina, Kansas. Najua wakusanyaji wengi wataliweka toleo la awali juu ya haya. Kwa mtu anayeweza kuingia dukani na kuishika sahani mkononi, wana hoja. Anayeagiza akiwa Area C au Kisasa anahitaji sahani iliyonyooka, isiyo na mikwaruzo ya miaka hamsini, na hiyo ndiyo anayoipata hapa.

Ukikuta albamu hiyohiyo, kwa fundi yuleyule, imetolewa kwa mizunguko 45 kwa dakika kwenye sahani mbili, na fedha ipo, chukua hiyo. Kwa mizunguko 33 na theluthi, mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde ukingoni mwa sahani, lakini karibu na lebo ya katikati kasi hushuka hadi kama 21. Ndiyo maana wimbo wa mwisho wa kila upande huanza kukwaruza kwenye herufi “s” na kwenye tarumbeta. Mizunguko 45 hupunguza tatizo hilo. Kwa sababu hiyohiyo, iogope LP yenye dakika 28 au 30 upande mmoja. Dakika 18 hadi 22 ndizo zinazompa fundi nafasi ya kuachia besi.

Neno kuhusu kanda. Mwaka 2022 ilibainika kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayotoa upya santuri, ilikuwa ikipitisha kazi zake nyingi kwenye hatua ya dijitali, wakati wateja waliamini ni analogi mwanzo hadi mwisho. Hasira yao ilikuwa ya haki, maana walilipia kitu wasichokipata. Hata hivyo sahani hizo zilikuwa zimesifiwa kwa sauti yake miaka mingi. Ninachokichukua hapo ni kwamba mkono wa fundi una uzito kuliko neno “analogi” kwenye stika.

Ya pili ni toleo la awali kutoka nchi ilikorekodiwa kazi yenyewe. Kanda ilikuwa mpya, nakala hazikuwa zimesafirishwa, na mara nyingi prodyuza alikuwepo. Hapa ndipo unapohitaji kusoma sahani. Ishike kwa kingo, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, kisha tazama ukanda mtupu kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Utaona namba na herufi zilizochorwa kwa mkono au kupigwa muhuri. RL ni fundi Robert Ludwig, RVG ni fundi Rudy Van Gelder, na herufi hizo hupandisha bei kwa sababu ya msingi. Mwombe muuzaji picha ya ukanda huo na picha ya sahani ikiwa imemulikwa taa kwa ubavu. Daraja la hali ya sahani lisishuke chini ya VG+ (nzuri sana na zaidi kidogo). Mfereji uliopoteza mng’ao na kuwa wa kijivu umeshaliwa na sindano nzito, hautapona kwa kuoshwa.

Ya tatu ni sahani za Japani na Ujerumani za miaka ya 1970 na 1980. Plastiki yake ni tulivu mno, karibu husikii chochote kabla wimbo haujaanza. Kasoro ni kwamba nyingi zilikatwa kutoka nakala za kanda, na baadhi ya zile za Japani huwa kali juu na nyepesi kwenye besi.

Ya nne, matoleo mapya ya kawaida yasiyosema lolote kuhusu chanzo. Mengine ni mazuri, mengine yametolewa kwenye faili ileile ya CD. Gramu 180 hazibadilishi sauti. Sahani ya gramu 130 iliyokatwa vizuri itaishinda. Za kukwepa ni zile zenye picha ndani ya plastiki, maana huvuma muda wote.

Muziki wetu hauingii kwenye mpangilio huo. Nyimbo nyingi za dansi la Tanzania zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, au bendi zikasafiri, na sahani zikafyatuliwa Nairobi kama singo za mizunguko 45, wimbo mrefu ukikatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Hapa naiweka juu singo ya awali iliyotunzwa, hata ikiwa na chembe za kelele, kwa kuwa matoleo ya baadaye mara nyingine yalinakiliwa kutoka singo zilizochakaa, kisha kelele ikasafishwa pamoja na sauti ya gitaa la solo. Kabla ya kuagiza nje, ulizia kwanza nyumba za wazee wa Kondoa, Mpwapwa na Manyoni.

Kwa muziki wa Kigogo, kumbuka Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma ambaye Triple Earth ya London ilimtolea LP miaka ya 1980. Ilimba, kinanda cha vidole cha Wagogo, ni kipimo kikali: mlio wake huisha taratibu hadi kimya, na hapo kila chembe ya vumbi husikika. Kwa sahani ya namna hiyo usikubali chini ya NM (karibu na mpya).

Mashine yako isipokuwa na mkono wa kurekebisha uzito wa sindano, acha kwanza sahani za nafasi ya kwanza, nunua mashine yenye mkono huo. Sindano nyingi nzuri hutaka gramu 1.8 hadi 2.2 hivi, zile mashine za kisanduku hukandamiza zaidi na kuila sahani ya bei kubwa.

Vumbi la Dodoma litaingia hata ukifunga madirisha, kwa hiyo osha kila sahani, hata mpya. Usitumie maji ya bomba, yale yanayoacha utando mweupe ndani ya birika. Chumvi hiyo itabaki kwenye mfereji. Nunua maji ya betri kituo cha mafuta, uhakikishe ni maji matupu na si asidi. Mzigo ukitoka Dar, usiuache kwenye buti la basi la mchana. Uingie nao ndani, au uje kwa treni, na sahani iwe imetolewa nje ya jalada ili isilipasue ukingoni.