Bajaji kama usafiri wa nyumbani: uzoefu wangu hapa Tanga

Nimeinunua. Naanza na jibu kwa sababu najua wengi wenu mnashuka moja kwa moja hadi chini kutafuta uamuzi. Nimenunua bajaji mpya, si ya biashara. Ni ya kunipeleka dukani, kuwapeleka watoto shule na kumpeleka mama kliniki hospitali ya Bombo. Ila sikuinunua kwa ile sababu ninayoisikia kila siku, kwamba kununua bajaji ni nafuu kuliko kununua gari. Ukisimama dukani na pesa mkononi, unafuu wenyewe huuoni.

Mimi nilipouliza, Bajaj RE na TVS King zote zilikuwa zinacheza kwenye milioni 9 hadi 10 na ushee, usajili ndani yake. Pesa hiyo hiyo inakupa gari dogo, Toyota Vitz iliyotumika ya namba D, ambayo bado inatembea vizuri, na ukijikamua kidogo unaanza kuangalia namba E, yaani iliyosajiliwa karibuni zaidi. Milango minne, vioo, redio, mkanda, buti la kufunga kwa ufunguo. Mume wangu alikuwa upande wa Vitz tangu mwanzo. Maneno yake: "Mama Zuhura, milioni kumi nzima halafu ukae kwenye turubai?" Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo, ndiyo maana niliamua kuijaribu kwanza.

Tunakaa Kange. Duka langu la vitambaa na vifaa vya kushonea liko Ngamiani, Barabara ya 12. Watoto wanasoma Chumbageni, mama yangu yuko Makorora na magoti yake hayamtii tena. Tanga mnaijua, mji ni tambarare na hakuna mlima wa kuitesa injini. Kwa miaka tumeishi kwa daladala, bodaboda na bajaji za kukodi, na mwisho wa mwezi nikipiga hesabu ya bajaji za kukodi peke yake nilikuwa naona kama nina mtoto mwingine anayesoma bweni.

Kujaribu kwangu kulikuwa hivi. Rafiki wa kaka yangu ana bajaji kadhaa barabarani. Nikamwomba aniachie moja, nimlipe hesabu kama anavyolipwa na dereva wake yeyote, 15,000 kwa siku, mafuta juu yangu. Alicheka, akakubali. Chapa yake siitaji, kwa sababu ilikuwa imeshachoka kwa kazi na si haki kuihukumu kampuni kwa bajaji iliyolala barabarani miaka yote hiyo. Nilikaa nayo sehemu kubwa ya masika. Kama kuna msimu wa kuijua bajaji, ni huo.

Kabla ya hapo kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji mpaka uulize: leseni. Nilikuwa na daraja B, la gari dogo, na nikadhani inatosha. Haitoshi. Chombo cha magurudumu matatu kinataka daraja A2, kwa hiyo nilirudi chuo cha udereva, nikapimwa na trafiki, kisha nikaenda TRA, mamlaka ya mapato, kuchukua leseni. Ukipuuza hili, siku ya ajali bima itakuwa na sababu nzuri ya kukukimbia.

Sasa uendeshaji. Aliyezoea gari mikono itamwaibisha. Gia ziko mkono wa kushoto: unabana klachi kwa vidole, unauzungusha mpini mzima mpaka namba ikae. Ziko nne za kwenda mbele, na rivasi ina wenzo wake pembeni. Mkono wa kulia ni mafuta, mguu wa kulia ni breki, mguu wa kushoto unabaki unashangaa. Waliowahi kuwa na Vespa hawapati taabu, maana mpangilio ni ule ule. Bajaj wenyewe miaka ya 1960 walikuwa wakiunda Vespa kule India kwa leseni ya Piaggio ya Italia. Mjomba wangu, aliyetamba na Vespa ujanani, alipanda akaondoka kana kwamba aliiegesha jana.

Kinachotaka akili zaidi ni lile tairi la mbele. Kwenye gari, ukiona shimo katikati ya njia unalipitisha katikati ya matairi, mambo yanaisha. Kwenye bajaji katikati kuna tairi. Ukilikwepesha la mbele, la nyuma linaingia; ukiyanusuru ya nyuma, la mbele linatumbukia. Unachagua nani aumie. Barabara za vumbi ni hivyo hivyo: magari yamechimba michirizi miwili na kuacha tuta katikati, matairi yako ya nyuma yanataka michirizi, la mbele linapanda tuta na kuanza kucheza. Mvua ikinyesha tuta lile linakuwa utelezi. Mtaa wetu wa Kange una kipande kama hicho, na nilijifunza kukipita gia ya kwanza, pole pole, mikono ikiwa migumu kwenye usukani. Mchanga mzito nao la mbele linauchimba badala ya kukata kona. Kama nyumba yako iko ndani ya mchanga, ijaribu bajaji kwenye mchanga wako mwenyewe, usikubali kuijaribu kwenye lami mbele ya duka la muuzaji.

Na kona. Ukikata kwa kasi uzito unakimbilia mbele kwa nje, mahali ambapo hakuna tairi la kuupokea. Ukiwa peke yako bila abiria tairi la nyuma la ndani linanyanyuka upesi zaidi, kwa hiyo usijidanganye kwamba bajaji tupu ni salama kuliko yenye watu. Punguza kabla ya kona, usikanyage breki ukiwa ndani ya kona. Deiwaka, wale madereva wa kibarua wanaoshika zamu za wenzao, wanaokata kona na abiria wanne na nusu wanajua wanachofanya, au wanadhani wanajua, wewe usiige.

Mvua niliiogopa kuliko kitu chochote, na kusema kweli haikuwa mbaya nilivyofikiri. Ukishusha mapazia pande zote na yakiwa na vifungo vyake vyote, watoto wanafika shule na madaftari makavu. Anayeloa ni dereva, goti na bega la upande upepo unakotoka. Kioo kinafanya ukungu na wipa ni moja. Nilijinunulia koti la mvua na kuacha kulalamika. Usiku ndio siupendi. Taa ni hafifu, na ukikutana na lori limewasha taa kali huoni hata ukingo wa barabara.

Aliyenishawishi hasa ni mama. Bodaboda hapandi, daktari wa mifupa alishamkataza na hata asingemkataza nisingempandisha. Teksi ndogo inamsumbua kwa sababu kiti kiko chini, kuingia ni kujitupa na kutoka ni kunyanyuliwa. Kwenye bajaji anashika bomba, anapandisha mguu mmoja kwenye sakafu, anageuka, amekaa wima, fimbo iko pembeni. Hakuna mlango wa kumgonga kisigino. Upande wa kulia nilimwomba fundi achomelee bomba la ziada ili watoto wasishukie barabarani, na pale ndipo mama anapoegemea. Tulipofika Bombo mara ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, hiki ndicho kiti changu." Mume wangu alikuwepo, akanyamaza.

Lakini jueni: mkanda hakuna, mlango hakuna, na turubai si bati. Ukigongwa na gari, bajaji yenye uzito wa kilo 350 hivi ndiyo itakayopoteza. Ndani ya mji, kwenye mwendo wa 30 au 40, hatari hiyo naikubali. Barabara kuu ya Segera siikubali. Mama mkwe anakaa Pongwe, na nilikwenda kwake mara moja nikiwa na ile ya kukodi. Injini ya cc 200 ukiibana inakaribia 60, basi la mikoani liko nyuma yako linataka 80, malori ya saruji yanatoka kiwandani Pongwe, na kila linalokupita linakusukuma kwa upepo wake mpaka unahisi nyuma inayumba. Nilirudi nimeshikwa mabega. Tangu hapo Pongwe tunakwenda kwa daladala, bajaji inabaki nyumbani.

Kuna kero nyingine ambayo hakuna aliyenionya. Ukiwa na bajaji, wewe ni dereva wa bajaji, utake usitake. Namba ya biashara ni nyeupe na ya binafsi ni ya njano, lakini mtu aliyechomwa na jua kituoni hasomi rangi ya namba, anapunga mkono tu. Ukipita bila kusimama unatukanwa. Pale soko la Mgandini vijana wa kijiweni walinijia mara moja kuniuliza naegesha kwa ruhusa ya nani, na hawakunielewa mpaka nilipowaonyesha kadi. Trafiki naye huanza kwa kuuliza leseni ya LATRA, ile ya kubeba abiria. Ukimweleza ni ya nyumbani anazunguka nyuma kuangalia namba, kisha anakuacha. Majirani ni hadithi ya peke yake. Aliye na Vitz anaombwa lifti kwa adabu. Aliye na bajaji anaitwa dirishani saa kumi na mbili asubuhi: "Mama Zuhura, nishushe hapo Barabara ya 20, nitakupa jero." Mia tano! Nimekuwa mkali. Ukianza kupokea hata hiyo jero umeshafanya biashara kwa chombo cha binafsi, na bima yako imekatwa ya matumizi binafsi.

Gharama sasa, maana ndipo bajaji ilipomshinda Vitz. Nilikuwa napata kama kilomita 25 kwa lita na ile kuukuu, mizunguko ya mjini, kusimama na kuondoka. Bei ya mafuta inabadilika kila EWURA, wasimamizi wa nishati, wanapotangaza, Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo sitawapigia hesabu ya shilingi ambayo mwezi ujao itakuwa uongo. Lakini Vitz ya shemeji yangu kwenye njia hizo hizo haifiki hapo hata siku moja. Ndugu yangu wa Dar amefunga mfumo wa gesi kwenye bajaji yake na anaapa kwamba mafuta ni ujinga, halafu dakika hiyo hiyo anakusimulia alivyolala kwenye foleni ya kujaza. Mimi nimebaki na petroli.

Kikubwa zaidi ni fundi. Ile ya kukodi ilinikatikia waya wa klachi mbele ya duka la watu, nikaisukuma mwenyewe hadi chini ya mwembe ambako kuna fundi, na kabla chai yangu haijapoa alikuwa ameshafunga mwingine. Plagi, waya wa gia, brekishuu, bushi, tairi, vyote viko Ngamiani na bei zake zinajulikana mtaa mzima, huwezi kupigwa sana. Fundi wa Vitz anafungua boneti, anaguna, anasema lazima ipimwe kwa kompyuta. Mguno ule peke yake una bei. Na mimi ni mtu wa duka, siwezi kukaa wiki nasubiri spea kutoka Kariakoo.

Hapo mume wangu akaja na wazo la kununua iliyotumika, tuokoe milioni tatu au nne. Nilikataa, na naomba mnisikilize hapa. Vitz iliyotumika huenda ilikuwa inampeleka mtu kazini na kurudi. Bajaji iliyotumika imekuwa ikifanya kazi mchana kwa dereva mmoja na usiku kwa deiwaka, wote wawili wanakimbizana na hesabu, hakuna mwenye uchungu nayo. Nyingi zinauzwa mkataba wa dereva na mwenye bajaji ukiisha, yaani pale dereva alipokwisha kuikamua. Nilikwenda kuangalia mbili. Moja ilikuwa na rangi mpya inayonukia, nikainama chini nikakuta chesisi imechomelewa sehemu ambayo haikupaswa kuwa na weldingi. Ukilazimika kununua ya namna hii nenda na fundi wako, iwashwe ikiwa ya baridi, mtazame moshi, mpande wote na kuipeleka mpaka gia ya nne, na msilipe kabla ya kuona kadi na mwenye jina lililoandikwa kwenye kadi.

Kuna watu ningewaambia wasinunue kabisa. Anayefanya kazi mbali na nyumbani kwa barabara kuu. Anayeacha mizigo ya thamani ndani, kwa sababu hakuna pa kufunga. Hata mwamvuli wangu ulitembea nilipoingia benki. Mwenye watoto wadogo sana wasio na mtu mzima wa kukaa nao nyuma. Na mtu anayeumia roho akidhaniwa ni dereva wa kukodi, maana hilo haliishi.

Ya kwangu sasa ina turubai jipya, bomba la kulia, swichi ya siri ambayo siwaambii iko wapi, na mapazia niliyoyashona mwenyewe dukani kwa kitambaa kizito kuliko yale ya kiwandani. Mume wangu hajaenda kuchukua A2. Anasema yuko bize. Kwa hiyo kila asubuhi anakaa nyuma na watoto, begi mapajani, na akishuka pale kazini kwake wenzake humuuliza kama amelipa nauli.