Tyler Warren wa Penn State: Mali Safi, au Tunapandishiwa Bei?

Haya wadau, karibuni. Leo ni Tyler Warren, mchezaji wa soka la Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Penn State. Urefu na uzito wake msiniulize, jamaa ni jitu, mnajua, tusonge. Hii ni Aprili 2025, na Alhamisi hii, tarehe 24, ni drafti ya NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, kule Green Bay: timu zinachagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, na kila zamu ina namba yake. Kwetu Afrika Mashariki inaanza saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa na nitakuwa nanyi mubashara, kwa hiyo lala mapema, weka alamu. Leo nataka muone kitu kimoja tu.

Tazama hapa. Oktoba 12, 2024, Los Angeles, Penn State wako nyuma 20-6 mbele ya USC, chuo cha hapo hapo. Nasimamisha picha. Unamwona huyu aliyeinama, kashika mpira chini? Hiyo kazi ya senta: anaupitisha mpira katikati ya miguu kwenda nyuma, basi, kazi yake imebaki kuzuia watu. Kwa kawaida senta haruhusiwi kudaka pasi. Ila huyu ni Warren, taiti endi, yaani mtu wa kuzuia na kudaka pasi pia! Sasa angalia mstari: wenzake wamepangwa upande mmoja, upande wa pili hakuna mtu. Kwa hiyo yeye ndiye wa mwisho mstarini, na wa mwisho mstarini, akiwa na namba ya jezi inayokubalika kama hiyo 44, ruksa kudaka.

Naachia. Anampa mwenzake Beau Pribula, Pribula anautupia pembeni kwa Drew Allar, kwotabeki wao (mrushaji mkuu wa pasi), mabeki macho yote kule. Warren kashanyanyuka, huyooo! Allar anaurusha mrefu, beki yupo naye, jamaa anaruka, anauchukua juu ya kichwa cha mtu. Tachidauni, yaani mpira umefika eneo la mwisho la wapinzani, pointi 6, yadi 32. Narudisha polepole, tazama mikono. Haungoji mpira umfikie kifuani, anaufuata hewani. Mara nyingine... hapo! Wallahi naweza kuitazama mpaka asubuhi.

Siku ile alidaka mipira 17, yadi 224, Penn State wakatoka na ushindi wa 33-30 katika muda wa nyongeza. Na sekondari alikuwa kwotabeki, ndiyo maana makocha wake walimpanga kokote: anakimbia na mpira, anarusha, mradi mpira upite mikononi mwake.

Sasa nipoe kidogo, maana kuna kinachonikera. Kati ya mipira 153 aliyodaka chuoni, 104 ni ya msimu mmoja wa 2024, na huo ulikuwa mwaka wake wa 5 pale. Sawa, alikuwa nyuma ya watu waliokwenda NFL, lakini inatia shaka. Halafu kuzuia: kwa mwili ule ningetaka amsukume mtu hadi aanguke, yeye mara nyingi anamwegemea tu. Na kwenye majaribio ya Indianapolis, ambako timu za NFL zinapima wachezaji kabla ya drafti, mbio za yadi 40 hakukimbia. Kwa nini?

Najua mtaniandikia "vipi Colston Loveland, yule taiti endi wa Michigan?" Kila video! Loveland mwepesi zaidi, anamponyoka beki vizuri, nakubali, ila ametoka kufanyiwa upasuaji wa bega mwezi wa kwanza. Mimi, likiwa jaribio la tatu kati ya manne na zinahitajika yadi 6, namtupia Warren.

Tatizo ni bei, yaani namba ya zamu utakayoitumia kumchukua. Kyle Pitts, taiti endi pia, alichukuliwa namba 4 mwaka 2021, akapata yadi zaidi ya 1,000 msimu wa kwanza, na tachidauni moja. Moja! Lakini taiti endi nyota Travis Kelce alipatikana namba 63, na nyota mwingine, George Kittle, namba 146. Ukiwa timu ya Jets na namba 7 yako, mimi nakuambia acha, nunua mtu wa mstari wa mbele. Ila akiteleza mpaka namba 14, zamu ya Colts wa Indianapolis, mnyakue hata saa haijaanza kuhesabu. Nyie mngempa namba ngapi? Andikeni hapo chini, na wale wa Loveland mje na sababu, siyo matusi.