Uzi wa Pamba kwa Nguo ya Ufukweni: Tathmini ya Duka Moja la Malindi

Duka ninalolitathmini ni dogo, liko katika mojawapo ya vichochoro vya mji wa kale wa Malindi, na kwa kuwa nitalisifu na kulilaumu, nimeona ni adabu nisilitaje jina. Linauza uzi wa kufumia, sindano za kroshia, vifungo, zipu na tepe, na hupokea pia oda za nguo za kufumwa kwa mkono. Nilikwenda kutafuta uzi wa vazi jepesi la kuvaa juu ya nguo ya kuogelea, lenye mikono mifupi na la kufika magotini. Uamuzi wangu nautoa mapema: uzi wao wa pamba ni bora kuliko mwingine wowote nilioupata katika maduka ya mji huu, ila namna wanavyouuza inaweza kumharibia kazi mteja asiye makini.

Uzi wenyewe huja katika madonge ya gramu 50, kila donge likiwa na takriban mita 125, na kikaratasi chake kimeandikwa kwa Kiitaliano, jambo ambalo halimshangazi mtu wa Malindi, mji wenye wakazi na wageni wengi wa Kiitaliano. Ni pamba tupu iliyopitia merserizi, yaani imetiwa katika maji ya soda kali, njia iliyotokana na kazi ya Mwingereza John Mercer aliyepewa hataza yake mwaka 1850, ingawa mng'ao tunaoujua leo ulipatikana baadaye, ilipogunduliwa kwamba uzi ukivutwa usijikunje ndani ya soda hutoka ukiwa unang'aa. Kwa mfumaji faida si mng'ao peke yake. Uzi wa namna hii ni imara zaidi, hushika rangi kwa kina, hauoti manyoya haraka, na kila fundo huonekana waziwazi. Pamba ya kawaida, ambayo duka hili pia linayo kwa bei nafuu kidogo, ni laini zaidi ngozini na hunyonya jasho upesi, lakini katika ufumaji wa wavu mianya yake hulegea mapema na umbo likapotea. Nimezitumia zote mbili, na kwa nguo itakayokutana na chumvi, mchanga na jua kali nachagua iliyopitia merserizi.

Rafu ya chini imejaa uzi wa akriliki wa rangi za kuvutia, na donge lake la gramu 100 huuzwa kwa bei ndogo kuliko donge moja la pamba. Hapo ndipo wanunuzi wengi huponzwa. Akriliki hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli, hainywi jasho, na mtu atakayeivaa ufukweni wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ataivua kabla hajafika majini. Inafaa kofia ya baridi ya jamaa anayeishi Limuru. Mama mwenye duka hakuficha hilo. Nilipomuuliza kama donge fulani lisilo na kikaratasi lilikuwa pamba kweli, alikata kipande, akatoka nacho barazani na kukitia moto wa kiberiti mbele yangu. Pamba huwaka upesi, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na kubakisha jivu jepesi, ilhali akriliki huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Kipande kile kiliacha kishanga, naye akalirudisha donge kwenye rafu ya chini bila ubishi. Uaminifu wa aina hiyo nimeukosa katika maduka makubwa zaidi ya lake.

Kasoro kubwa ya pamba, na hii si ya duka bali ni ya pamba yenyewe, ni uzito inapolowa. Vazi langu lilichukua madonge manane, sawa na gramu 400, na likiwa kavu halisikiki mwilini. Likitoka baharini huvutwa na maji liliyoyanywa hadi upindo ukashuka chini ya magoti. Uzi wa pamba haudhoofiki kwa kulowa, bali huwa imara zaidi kuliko ukiwa mkavu, kwa hiyo hofu si kukatika, ni kurefuka. Dawa yake ni kufuma kuanzia juu kwenda chini ili urefu uamuliwe mwishoni, kuyafanya mabega kwa mafundo yaliyobana badala ya wavu, na kushonea utepe mwembamba wa pamba kwenye bega kwa upande wa ndani. Tepe hizo huuzwa papo hapo dukani kwa mita, tena kwa bei rahisi. Aidha, mfumaji hana budi kufuma kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 15 hivi kila upande, akakiosha, akakikausha na ndipo akakipima, kwa sababu kipimo cha uzi usiooshwa humdanganya. Sampuli iliyotundikwa ukutani mwa duka yathibitisha ninayoyasema: imening'inia kwenye henga kwa muda mrefu, mabega yake yamechongoka na kiuno kimeteremka mahali pa nyonga. Mteja anayeitazama asiukatae uzi; aikatae henga.

Duka humpa mchoro wa kufuatia, bila malipo, kila anayenunua madonge sita au zaidi. Mchoro huo umechapwa vizuri na hesabu zake ni sahihi, lakini aliyeubuni hakuifikiria safari ya kutoka ufukweni hadi nyumbani. Una wavu wa minyororo mitano mitano, yaani matundu mapana, kutoka shingoni hadi chini, na mtu akitoka ufuo wa Silversands na vazi kama hilo, akapita mitaani penye misikiti na wazee barazani, atalazimika kujitanda leso juu yake, na hapo wepesi wote aliouhangaikia umekwisha. Niliubana wavu uwe wa minyororo miwili kifuani na kutoka kiunoni hadi mapajani, nikauacha mpana mikononi, mgongoni kwa juu na karibu na upindo, ambako upepo unahitajika hasa. Wavu uliobana hula uzi zaidi, hivyo atakayefuata njia hii anunue donge moja la ziada tangu mwanzo. Vishada vinavyoonyeshwa kwenye mchoro niliviacha kabisa: hubeba mchanga, hukusanya vijani vya mivinje, na katika mashua ya kwenda kutazama matumbawe hunasa penye kila msumari.

Sasa nifike penye lawama. Kila kikaratasi cha uzi huwa na namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya mkupuo wa utiaji rangi kiwandani. Madonge ya mkupuo mmoja hulingana. Ya mikupuo tofauti huweza kupishana hata kama namba ya rangi ni ileile, na tofauti isiyoonekana chini ya taa ya duka hujitokeza juani kwa mstari unaokatiza nguo katikati ya mgongo. Duka hili huchanganya mikupuo yote katika kapu moja. Kijana aliyenihudumia, mwenye heshima na haraka, alinijazia mfuko bila kuzitazama namba, na nilipoeleza kwamba nataka madonge yanayolingana alinihakikishia kuwa bluu ni bluu. Siku niliyorejea nayo, mama mwenye duka alinibadilishia aliyoweza kwa ukarimu, lakini mengine hayakuwa na wenzake. Ilinibidi nifume kwa madonge mawili kwa zamu, safu moja ya hili na safu moja ya lile, ili tofauti ifichike. Mbinu hiyo hufanya kazi, ila huongeza muda na nyuzi za kufichwa pembeni, na mteja hapaswi kuibeba gharama ya kapu lisilopangwa.

Rangi zilizopo ni nzuri: nyeupe, ya mchanga, bluu ya bahari, kijani cha muarubaini na nyekundu moja inayong'aa mno kwa macho yangu. Wageni hupenda nyeupe. Mkazi wa hapa anajua kwamba baada ya mvua Mto Sabaki humwaga udongo mwekundu baharini kaskazini mwa mji, maji ya ghuba yakageuka rangi ya chai, na nguo nyeupe ya pamba iliyooga humo haitarudi ilivyokuwa. Rangi ya mchanga husamehe zaidi. Kuhusu kufua, ushauri nilioupata dukani ulikuwa mzuri kuliko ulioandikwa kwenye kikaratasi. “Mwanangu,” aliniambia mama yule, “ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi siku hiyohiyo, uikamue ndani ya taulo, kisha uilaze kivulini. Usiitundike.” Nimefanya hivyo, na bluu yangu haijapauka.

Sindano za kroshia dukani ni za chuma na za alumini. Za chuma zifaazo uzi wa vitambaa vya makochi hushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi, kwa hiyo nachukua za alumini. Kikaratasi cha uzi kinapendekeza sindano ya milimita 3.5, mimi nilitumia ya 4 na kitambaa kikaanguka vizuri zaidi mwilini.

Donge moja nililipata kwa shilingi 320, hivyo uzi wa vazi zima uligharimu shilingi 2,560. Anayeagiza nguo hiyohiyo ifumwe na wafumaji wa duka hutozwa 6,500 pamoja na uzi, nusu ikilipwa mapema. Nimewasikia watu wakisema ni ghali kwa nguo ya matundu. Kroshia halisi haifumwi kwa mashine viwandani. Kila nguo ya aina hii, hata ile ya bei ya kutupa iliyotoka ng'ambo, imepita mikononi mwa mtu fundo kwa fundo, na kwa kipimo hicho bei ya hapa ni ya haki. Niliziangalia oda mbili zilizokuwa zikisubiri wenyewe: ufumaji ulikuwa sawasawa na ncha za uzi zimefichwa vyema, lakini hakuna hata moja iliyotiwa utepe mabegani. Anayeagiza aombe utepe waziwazi, na aombe pia kulijaribu vazi likiwa limefika kiunoni.

Duka hufungwa adhuhuri kwa sala na chakula cha mchana, na siku ya Ijumaa huchelewa kufunguliwa tena. Anayekuja kwa matatu kutoka Watamu afike asubuhi, na kama anaongezea uzi wa kazi aliyokwisha kuianza, aje na kikaratasi chake cha zamani na alichakure kapu mwenyewe.