Kodi ya jengo ndani ya LUKU: kulipa ni chapchap, kurekebisha ndiyo shughuli

Tangu Agosti 2021, Mtanzania mwenye umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, hana haja ya kwenda popote kulipia kodi ya jengo. Ananunua umeme kama kawaida, kodi inakatwa humo humo. Kabla ya hapo ilikuwa foleni za TRA, mamlaka ya mapato, mwisho wa Juni, na nyumba nyingi hazikuwa hata kwenye daftari. Kama huduma ya kukusanya, mfumo huu hauna mpinzani. Shida yake inaanza pale mashine inapokukata isivyostahili.

Viwango kwanza. Mwaka 2021 nyumba ya kawaida, yaani isiyo ya ghorofa, ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na ghorofa au apatimenti yenye mita yake shilingi 5,000. Sheria ya Fedha ya 2023 ikavipandisha: 1,500 kwa nyumba ya kawaida, sawa na 18,000 kwa mwaka, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini, sawa na 90,000 kwa mwaka. Hukatwa mara moja kwa mwezi, kwenye manunuzi ya kwanza. Ukinunua tena tarehe 15 au 28, hupaswi kuiona.

Wengi hawasomi risiti, wanakimbilia zile tarakimu 20 za tokeni. Isome. Ukinunua umeme wa 10,000 mwanzo wa mwezi, mfumo unatoa kwanza 1,500, na kwenye meseji nyingi huandikwa kama deni lililokusanywa. Inabaki 8,500. Hiyo ndiyo inayogawanywa: gharama ya umeme 6,967.21, VAT asilimia 18 ni 1,254.10, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 ni 69.67, REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 ni 209.02. Kwa bei ya 292 kwa uniti unapata uniti 23.86 badala ya 28.07. Hivyo basi kodi imekula uniti nne na kidogo. Angalia pia kwamba VAT haitozwi juu ya kodi ya jengo. Anayesema "wanakata kodi juu ya kodi" hajapiga hesabu.

Kwa mteja wa matumizi madogo, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya shilingi 100, maumivu ni makubwa zaidi. Akinunua umeme wa 2,000 tarehe mosi, anabaki na 500 ya umeme, yaani uniti nne, wakati kwa kawaida angepata kumi na sita. Ndiyo maana wauza tokeni mitaani hulaumiwa kila mwanzo wa mwezi kwa "kuiba uniti". Hawajaiba. Anayenunua kidogo kidogo afanye manunuzi ya kwanza ya mwezi yawe makubwa kidogo, la sivyo atalala gizani siku hiyo hiyo.

Deni hujilimbikiza. Nyumba iliyofungwa miezi minane ina 12,000 inayosubiri, na hela ndogo inaweza kuishia yote kwenye deni. Kwa hiyo anayehamia kwenye nyumba iliyokaa tupu, au anayenunua nyumba, amtake mwenye nyumba anunue umeme mbele yake na waione risiti pamoja. Deni linakaa kwenye mita, halimfuati aliyehama.

Sasa mpangaji. Kisheria kodi hii ni ya mwenye jengo, lakini anayebonyeza simu na kununua umeme ni mpangaji. Hapa mfumo umeacha watu wawili wamalizane wenyewe. Dawa ni kuiandika kwenye mkataba: kila 1,500 iliyokatwa itapunguzwa kwenye kodi ya pango. Kwa mkataba wa miezi sita ni 9,000. Tunza meseji zote za LUKU, maana ndizo ushahidi pekee utakaokuwa nao. Wapangaji wanaotumia mita ndogo za kugawana, zile anazofunga fundi wa mtaani, hawakatwi mmoja mmoja. Inayokatwa ni mita kuu. Waelewane nani analipa mwezi gani, kwa sababu kwa kawaida anayewahi kununua tarehe mosi ndiye anayebeba wenzake.

Kosa linalosumbua zaidi ni mita zaidi ya moja kwenye jengo moja. Nyumba ina mita yake, fremu ya duka mbele ina yake, pampu ya kisima nayo ina yake. Kompyuta inaziona nyumba tatu na kukata 4,500. Kurekebisha kunahitaji mwenye nyumba aende na namba za mita zote, zile za tarakimu 11, risiti za hivi karibuni zinazoonyesha makato, kitambulisho cha NIDA na uthibitisho wa umiliki, aombe mita zote zihesabiwe jengo moja. Hapo ndipo watu huzungushwa: TANESCO, shirika la umeme, wana mita, kodi ina ofisi nyingine, na kila upande una sehemu yake ya jibu. Anza na ofisi inayosimamia kodi ya majengo, kwa kuwa ndiyo yenye kumbukumbu ya jengo. Na usikubali jibu la mdomo. Omba nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wazee wa miaka 60 na zaidi na watu wenye ulemavu wana msamaha kwa nyumba moja wanayoishi wenyewe. Ila hauji wenyewe, mita haijui umri wa mtu. Unaombwa, na mara nyingi utahitaji barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba mzee anaishi pale. Panapokwama zaidi ni mita iliyosajiliwa kwa jina la marehemu. Mjane mwenye miaka 70 anakatwa kila mwezi kwa sababu karatasi bado zinamtaja mumewe. Familia ibadilishe jina la mita kwanza, ndipo iombe msamaha.

Barua hiyo ya mtaa ndiyo karibu jambo pekee ambalo mwenyekiti wako anaweza kukusaidia kwenye kodi hii. Kwenye kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Novemba 27, 2024, mtu anaweza kusikia ahadi kuhusu makato ya LUKU. Mwenyekiti wa mtaa hapangi kiwango, diwani hapangi, halmashauri haipangi. Kinapangwa bungeni kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Mgombea wa mtaa anayeahidi kukufutia kodi ya jengo anauza asichokuwa nacho. Mwenye kubanwa kwa kiwango ni mbunge, na muda wake ni Juni bajeti inapojadiliwa.

Lawama yangu kubwa ni kiwango chenyewe. Hapo Dar es Salaam, kibanda cha vyumba viwili Mbagala na jumba lisilo la ghorofa lenye bwawa la kuogelea Masaki, vyote ni "nyumba ya kawaida", vyote 1,500. Zamani msingi wa kodi hii ulikuwa thamani ya jengo iliyokadiriwa na mthamini. Uthamini ulikuwa ghali, wa polepole na wenye mianya ya rushwa, hivyo kiwango kimoja kinaeleweka. Lakini mwenye jumba kapata nafuu ambayo mwenye kibanda hakuipata, na mita ya umeme haina namna ya kuona tofauti hiyo.

Kwa urahisi wa kulipa, nyota tano. Kwa kurekebisha makosa, mbili. Kwa nyumba isiyo na LUKU, inayotumia sola tupu, nenda ofisi inayosimamia kodi ya majengo uombe control number (namba ya malipo) ulipe kivyako. Mfumo huu haukukumbuki.