Droni iliingia kwa fundi na nyufa mbili, ikatoka na zisizohesabika

Jina la duka silitaji. Si kwamba namwonea huruma mwenyewe, ila ana mdomo, na mimi sina muda wa kwenda kujibizana naye kwa mjumbe. Liko Kariakoo, ghorofani, na wanaorusha droni hapa Dar wengi wameshapanda ngazi zake kwa sababu mafundi wa vitu hivi ni wa kuhesabu. Ndiyo maana anajibu watu anavyotaka.

Droni yenyewe ni ile nyeupe ya mikono minne isiyokunjika, ya kizamani kidogo, ambayo sisi wapiga picha za harusi tumeing'ang'ania hata baada ya zile ndogo za kukunja kujaa mjini. Sifa zake siandiki, zimejaa kila mahali. Naandika ugonjwa wake mmoja tu: bodi kupasuka pale mota inapokaa. Nyufa zenyewe ni nyembamba, mchana kweupe huzioni mpaka umulike tochi ya simu kwa ubavuni, halafu upitishe ukucha. Ukucha ukikwama, umeshaupata.

Kwangu zilianza mbili, mkono wa nyuma kushoto na mkono wa mbele kulia, na zote zilitokea kwenye tundu la skrubu. Haikuwa imeanguka wala kugonga mnazi. Plastiki pale imebanwa na skrubu usiku na mchana, mota inaitetemesha hapohapo, propela ikimeguka ncha mtikisiko unazidi, na ukitua kwa kishindo mguu unapeleka pigo lote juu kwenye mkono. Tundu la skrubu ndilo linalobeba mzigo. Siku moja plastiki inachoka, inachanika kidogo, na ikishachanika ile ncha ya ufa inaendelea kuchana yenyewe kila ukiruka. Mkono ukikatika hewani, mota moja imeondoka, na droni ya mota nne haibaki juu na tatu. Inashuka, na chini kuna watu wamekaa kwenye viti wanakula pilau. Kwa hiyo nikasema hapana, hii ipelekwe kwa fundi kabla msimu haujakolea.

Nikafika dukani. Mwenye duka ni mtu mzima, kanizidi sana, nikaanza na shikamoo kama nilivyolelewa. Hakuitikia. Nikasema labda hajasikia, nikarudia. Akaninyooshea mkono nimpe mzigo. Akaishika droni kwa mguu mmoja, akaibinua, kamera ikaning'inia inazungukazunguka, mimi roho juu. Akacheka.

"Hii nayo ni ya kuleta kwa fundi? Si mdoli huu. Hata mjukuu wangu anao."

Nikamwambia kwa adabu, "Mzee, hiyo ndiyo inayonilisha."

"Kumbe unakula plastiki."

Duka zima likacheka. Kulikuwa na wateja wengine pale, nao wakacheka, mpaka dada aliyekuja kubadilisha kioo cha simu. Ningekuwa na akili ya siku nyingine ningechukua mzigo wangu nikashuka, lakini harusi ilikuwa karibu na hakuna duka jingine nililoliamini. Akataja elfu themanini. Nikalipa palepale, maana bila kulipa haguswi mtu.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inapochanganyikiwa, kwa sababu mle dukani kuna kijana wa kazi. Mwenye duka alipotoka nje kwenda kugombana na mtu kwenye simu kuhusu mzigo uliokwama bandarini, kijana akavuta stuli, akaniambia, "Kaa kaka, nianze nao." Akatoa propela, akafungua skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa, akafunua bodi, akamulika mkono wa nyuma kushoto kwa ndani. Akawa kimya muda. Kisha akaweka alama ya kalamu mbele kidogo ya pale mimi nilipodhani ufa umeishia.

"Ufa huwa umefika mbele ya pale unapouona, kaka."

Akachukua keekee nyembamba sana, ya kama milimita moja, haikuwa hata kwenye mashine. Aliizungusha kwa vidole, polepole, anapuliza vumbi, anazungusha, mpaka ikatoboa pale penye alama. Nikamuuliza mbona unanitobolea tena kitu kilichopasuka? Akasema ncha ya ufa ni kali, ndiyo inayochana. Ukiipa tundu la duara haina tena pa kuanzia. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata mafundi wa ndege kubwa wanafanya hivyohivyo kwenye bati la ndege, wanatoboa mwisho wa ufa kuusimamisha kabla ya kuweka kiraka. Huyu kijana hakuniambia habari za ndege kubwa, alikuwa anafanya tu.

Akapitisha msasa kwa ndani mpaka ule mng'ao wa plastiki ukatoka. Akafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, akakausha. Akachanganya gundi ya mirija miwili juu ya kipande cha boksi, akakata kipande cha ule utepe wa wavu wanaobandika kwenye maungio ya dari za jipsamu, akaulaza juu ya ufa, akaupaka gundi, akaulaza mwingine kwa mshazari. Akarudisha skrubu kwa bisibisi fupi, na ilipogota tu akaacha. Mkono mmoja huo ulimchukua muda ambao mwenye duka angehudumia foleni nzima.

Mzee akarudi. "Wewe, unamshonea nguo?" Akamnyang'anya.

Mkono wa mbele kulia akaufanya mwenyewe, na mimi nikiangalia. Akachovya pamba kwenye asetoni, ile ile ya kutolea rangi ya kucha, akasugua ufa wote mpaka plastiki ikapoteza rangi. Akamimina supaglu, moshi wake ukatua pembeni ukaacha doa jeupe. Juu yake akabandika kipande cha bati alichokata kwenye kopo la maziwa. Halafu, kwa ukarimu ambao sikuuomba, akasema anakaza na mikono mingine "isije ikakusumbua", akachukua bisibisi ya umeme akakaza kila skrubu ya mikono ile mitatu mpaka ikalia, na kila moja akaidondoshea ile dawa ya bluu ya kuzuia skrubu kulegea. Kijana akasema kwa sauti ndogo, "Bosi, hiyo ya bluu kwenye plastiki..." Akaambiwa anyamaze. Mkono wa kushoto nyuma ulipona kwa sababu moja tu, gundi ilikuwa bado mbichi na mzee hakutaka kuchafua mikono.

Niwaambie kitu ambacho fundi wa elfu themanini alipaswa kukijua. Ukifunua bodi ya kitu chochote cha plastiki, tafuta kwa ndani maandishi madogo yaliyochongwa katikati ya mishale miwili. Ya kwangu yameandikwa >PC+ABS<. Yaani ni mchanganyiko wa plastiki mbili. Ingekuwa ABS tupu, asetoni ingekuwa rafiki: inaiyeyusha, na watu huyeyusha vipande vya ABS ndani ya asetoni wakapata uji wanaozibia ufa, ukikauka unakuwa kitu kimoja na bodi. Lakini hiyo PC, polikaboneti, haitaki asetoni. Ikiguswa nayo huku imebanwa inatoa vijiufa vingi vidogo. Na ile dawa ya bluu ni ya chuma kwa chuma, watengenezaji wake wenyewe wanaonya isiwekwe kwenye plastiki za namna hii kwa sababu inazipasua. Kwa hiyo mzee alichofanya ni kuibana plastiki kuliko uwezo wake, kisha akainywesha sumu mbili. Maandishi yalikuwepo, yapo mbele ya macho yake, ndani ya bodi aliyoifunua kijana. Angeyasoma kwa muda ule ule aliotumia kunicheka.

Siku ya harusi, huko Bunju. Nikapandisha droni juu ya turubai, nikaachia vijiti vya rimoti ili isimame ipige picha ya maharusi wanaingia. Haikusimama. Ikaanza kuzunguka, duara dogo, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi, inaelekea kwenye nyaya za umeme. MC bila aibu akatangaza kwenye spika, "Naona hata droni imeshapata muziki." Watu wakapiga makofi. Mimi jasho linanitiririka mpaka kwenye rimoti. Nikaizima GPS nikaishusha kwa mkono. Kopo la maziwa ni chuma jamani! Dira ya droni hii imekaa kwenye mguu, na mzee alibandika chuma mkono ule ule. Droni ikawa inadhani inatazama kaskazini wakati inatazama kwingine, ikijisahihisha inakosea zaidi, ndiyo yale maduara. Picha ya kuingia maharusi sina. Mama wa bibi harusi hadi leo akiniona ananiuliza, "Mwanangu, ile video vipi?"

Nyumbani nikamulika tochi. Mikono mitatu aliyoigusa mzee imejaa nyufa kuzunguka kila skrubu, utandabui mtupu, pamoja na ile miwili iliyokwenda dukani ikiwa mizima. Mkono wa kijana hauna kitu. Ufa umefika kwenye tundu ukasimama.

Nilirudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yangu yote. Mzee akaisogeza kwenye mwanga, akaugongagonga mkono wa nyuma kushoto kwa ukucha, akasema, "Huu mbona umekaa? Si kazi yangu hii? Hiyo mingine umeigonga mwenyewe." Mbele ya kijana. Kijana akainama akaendelea kukwangua risasi ya kuchomelea kwenye bodi ya redio ya mtu. Hakusema neno, na mimi sikusema kwamba niliona, maana ningemfukuzisha kazi. Hilo limeniuma kuliko hela.

Sasa duka hili nilisifu au nililaumu? Kila nikiirusha na kuona ule mkono umetulia, nasema elfu themanini nilitoa kwa haki, hiyo kazi ni safi kuliko bodi ilivyotoka kiwandani. Ningewaambia nendeni. Halafu nakumbuka duka zima linacheka, nasema msikanyage. Kama lazima uende, nenda ukiona mzee hayupo. Au ukae pale pale kwenye stuli, usitoke hata kwenda kunywa maji, na akishika pamba ya asetoni umshike mkono. Lakini ni nani anataka kulipa hela ili amlinde fundi? Msiende.

Mikono mitatu iliyobaki nimeitengeneza mwenyewe kwa kumwiga kijana. Nilibandua bati, nikatoboa mwisho wa kila ufa niliouona, na ile midogo sana isiyo na mwisho nikaifunika yote kwa wavu na gundi. Chini ya mota nimeweka vibao vyembamba vya faiba ili mzigo usikae kwenye tundu moja, na nimeviweka mikono yote minne, hata ule mzima, kwa sababu ukiongeza uzito upande mmoja mota moja itafanya kazi ya ziada maisha yake yote. Kuna waliosema niweke kaboni. Kaboni inazuia mawimbi ya redio, mimi siitaki karibu na antena. Propela yenye ncha iliyomeguka naitupa siku hiyo hiyo, hata kama ni ya jana. Droni hailali tena kwenye buti la gari juani, na haifutwi kwa spiriti wala thina, ni maji ya sabuni tu. Bodi mpya nimeagiza kupitia mfanyabiashara anayeleta mizigo kutoka Dubai, ila kuihamishia mota ni lazima kuchomoa na kuchomelea nyaya zote upya, na kazi hiyo namjua wa kumpa. Anaishi mbali, anafanya usiku akitoka kazini. Msiniulize namba yake hadharani.

Jambo moja halijaisha. Nilipofungua mkono wa mbele kulia nilikuta skrubu mbili hazipo, mzee alibakiza dukani. Ni fupi, za mota, na siwezi kuokoteza yoyote, kwa sababu ikiwa ndefu inapenya mpaka inagusa nyaya za ndani ya mota na kuiunguza. Nilimpigia akasema, "Zitakuwa hapa hapa chini, njoo utafute." Nikamtumia na ujumbe, ameusoma, kimya. Kesho namtuma bodaboda, na nauli yake naijumlisha kwenye ile elfu themanini.